Kwa Kabula, Kuhusu Ule Mzani

Kabula mwanangu,

Ile salamu ya "natumaini waraka huu utakukuta u mzima" nimeiruka. Asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukipanda gari na baba yako kwenda Magu kumuaga bibi. U mzima kabisa, umenuna tu. Chai ulikunywa umesimama. Ukaniambia, "Mama, tunaondoka," nikasema, "Haya," na hayo ndiyo mazungumzo yetu marefu kuliko yote tangu siku ile ya kikao. Basi nimekaa hapa mezani mchana huu kabla hamjarudi, kwa sababu mkisharudi na kelele zenu na mchele wa bibi nitaanza kupika, na nikianza kupika sitasema lolote la maana.

Unanijua. Mimi si mtu wa kalamu, mimi ni mtu wa kupayuka. Ila kwa kupayuka nimeshakuharibia, kwa hiyo acha leo nijaribu kalamu.

Habari za chandarua, za kutokula chipsi kila siku, za kuchagua marafiki, sitaziandika. Baba yako anazo zote na ameshazisema mpaka paka wa jirani anazijua. Mimi nina jambo moja tu.

Baba yako ameniambia. Usimkasirikie, maskini wa Mungu hajui kuficha kitu, hata zawadi ya Krismasi huitaja kabla hajaifunga. Ameniambia ukifika Dar unataka uende ofisini pale chuoni ukaombe wakuhamishe, uache ile kozi, usome uhasibu. Alipokuuliza kwa nini, ukamjibu, "Baba, nimegundua siwezi kusimama mbele za watu." Khaa! Wewe Kabula? Wewe uliyekuwa unawahubiria kuku pale uani, unawapanga mstari na kumfukuza jogoo asiyesikiliza? Niliposikia hilo nilikaa kitako. Maana hujagundua chochote. Umekalishwa chini, na aliyekukalisha ni mimi, mama yako, mbele ya wanawake wenzangu wote.

Sasa sitaki uende Dar ukaache kitu unachokipenda kwa ajili ya mdomo wangu. Hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Uhasibu ni kazi nzuri, na kama moyo wako ungekuwa huko nisingekuwa na neno. Lakini hauko huko, nami najua uliko.

Nakumbuka siku ulipotuletea habari za kozi yenyewe. Tulikuwa Magu, mpunga umevunwa, bibi yako anapepeta. Ukamweleza kwamba huko chuoni hawawaketishi darasani tu. Wanawagawa vikundi, na kila kikundi kinapewa mahali pa kweli penye taabu ya kweli: hospitali ambayo wagonjwa wanangoja kutwa, au bohari, au kivuko. Mnakaa na watu wa pale, mnatazama, mnapima, mnakokotoa, na mwisho mnasimama mbele yao na kuwaambia jinsi kazi ileile inavyoweza kwenda bila watu kuchakaa. Bibi akaacha kupepeta. "Yaani mjukuu wangu, unakwenda kusomea foleni?" Ukacheka mpaka ukakalia pumba. "Ndiyo bibi, nakwenda kusomea foleni." Akasema, "Basi soma haraka, maana ile ya zahanati yetu itatuua kabla ya ugonjwa."

Kurudi nyumbani uliongea njia nzima. Hesabu zilikuwa zinakutoka mdomoni, mara unachora kwenye kioo cha gari kwa kidole, na mimi sikuelewa hata nusu. Nilikuwa nakutazama tu. Sijawahi kuona mtu anapenda kitu namna ile. Kusema kweli nilikuonea wivu kidogo.

Ndipo ukasema utaanza mazoezi kabla hujaenda, na mahali pa kuanzia ni kwetu, pale Kirumba, kwenye kibanda cha mzani cha kikundi chetu cha akina mama, ambacho mwenyekiti wake ni mimi. Nilifurahi mno. Nilitangulia kuwatangazia wenzangu, "Kabula wangu anakuja kutupima," wakauliza, "Atupime viuno?" Ukaja na ndoo yako, ukaigeuza, ukakaa kando ya mzani na simu mkononi, kutwa nzima unatazama. Magunia yanashuka kutoka kwenye maboti ya visiwani, tunamwaga dagaa kwenye turubai, tunachambua mchanga na makombe, tunajaza tena, tunapima, tunashona, wabebaji wanapeleka kwenye lori. Kazi ambayo mimi naifanya huku nimelala, wewe unaitazama kama sinema.

Siku ileile ya kwanza ukaniuliza, "Mama, hapa mnataka kipungue nini?"

Nikakujibu bila hata kufikiri, "Ugomvi."

"Mama bwana!" ukacheka. "Nasema kwenye kazi." Ukarudi kutazama saa yako.

Tungesimama hapo wote wawili tukaliongelea lile neno, Kabula, yaliyofuata yasingetokea. Lakini mimi nilikuwa na gunia mkononi na wewe ulikuwa na saa.

Haya, tuje kwenye kikao cha kikundi, siku uliyokuja kutueleza ulichokiona. Ulisimama vizuri. Nataka ulijue hilo kwanza kabla ya mengine yote, ulisimama vizuri sana. Ulisema, "Shikamooni mama zangu," wakaitikia kwa vigelegele. Ukafungua ile karatasi yako kubwa yenye mchoro. Ukasema kuchambua hakuchelewi, wabebaji hawachelewi, lori halichelewi. Kinachochelewesha ni mzani. Na mzani wenyewe hauchelewi kupima, kupima ni mara moja. Mzani unashikwa. Gunia likishapimwa linabaki palepale juu, mwenyewe anatoa sindano na uzi, anashona taratibu huku anaongea na watu, na mpaka afunge fundo la mwisho hakuna mwingine anayeweza kupima. Ukasema muda mwingi wa siku mzani wetu haupimi kitu, umekuwa kiti cha kushonea. Nje ya bati wenzetu wanangoja na dagaa wao wazi, na mvua ya ziwani ikija inawakuta hao. "Gunia lishuke," ukasema, "lishonwe pembeni. Ni hilo tu."

Ni hilo tu! Wanawake wote wakageuka kunitazama mimi, maana kila mtu pale anajua utaratibu ule ni wa nani.

Nami nikapandisha hasira. Sikungoja hata umalize. Nikasema, kwa sauti ile unayoijua, "Kaa chini, Kabula. Mzani huo umekulisha wewe ukiwa bado unakojoa kitandani." Wakacheka. Walicheka wote, hata wale wanaokupenda, kwa sababu mwenyekiti akitupa neno watu hucheka. Ukabaki umesimama kidogo, kisha ukaikunja karatasi yako, ukakaa, ukaiweka mapajani. Hukulia. Ungelia labda ningekufuata. Tulirudi nyumbani wewe umetangulia mbele, mimi nyuma nakutazama mgongo, na sikukuita.

Ngoja nikueleze kwa nini nilipandisha. Haliondoi kosa, ila ulijue.

Zamani gunia lilikuwa linashuka. Ndiyo, hivyohivyo unavyotaka wewe. Likishapimwa linawekwa pembeni, mwenyewe analishona akipata nafasi. Tulikuwa tunaaminiana. Halafu ikaanza: mtu anapima gunia lake, anageuka kumnyonyesha mtoto, akirudi limepungua na la jirani limenona. Kila siku minong'ono, kila siku matusi. Siku moja wanawake wawili, marafiki wa kuombana chumvi, wakashikana palepale kwenye mlango wa kibanda, na mmoja alikuwa na sindano ya gunia mkononi. Unaijua ile sindano ilivyo. Iliingia kwenye kiganja cha mwenzake ikatokea upande wa pili. Mimi ndiye niliyeichomoa. Nilikuwa nimechaguliwa mwenyekiti juzi tu, sijui lolote, kanga nimeichana kumfunga kidonda huku namwambia mwingine asikimbie. Jioni ileile nikatoa amri: kuanzia kesho hakuna gunia kushuka mzanini kabla halijashonwa, mwenyewe akiliona kwa macho yake mpaka fundo la mwisho. Basi, wizi ukaisha. Wale wawili mpaka leo wanaalikana harusini. Na mimi ndipo nilipoanza kuitwa Mwenyekiti hata nikiwa nanunua nyanya.

Kwa hiyo uliposema mzani umekuwa kiti cha kushonea, sikusikia habari ya mzani kabisa. Nilisikia mwanangu ananiambia kwamba kitu pekee nilichowahi kukitengeneza kwa akili yangu mwenyewe ni upuuzi. Hukusema hivyo. Hata tone. Lakini mimi nina darasa la saba, Kabula, na ile amri ndiyo cheti changu.

Hukuniuliza ilianzaje, nami sikukueleza. Hapo tumekosa wote wawili, ila mkubwa ni mimi.

Tangu siku hiyo lile swali lako halinitoki. Naosha vyombo, linakuja. Niko kanisani, mchungaji anasema yake, mimi najiuliza kipungue nini. Na cha ajabu, likinijia halinipeleki Kirumba, mwaloni kwenye dagaa. Linanipeleka Magu.

Ulipokuwa mdogo nilikupeleka kwa bibi ukakae. Wewe unaikumbuka kama miaka ya ndama na maziwa ya mgando, na namshukuru Mungu unaikumbuka hivyo. Mimi nakuambia ilivyokuwa upande wangu. Baba yako alikuwa na kazi ya kusafiri. Nilikuwa natoka hapa Butimba na wewe mgongoni, nafika Kirumba, nakulaza juu ya magunia, unakohoa vumbi la dagaa kutwa. Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Nilichoka mpaka meno. Nikapiga hesabu zangu, kwa namna yangu, nikatafuta ni kitu gani kinaweza kupungua. Nikaona ni wewe.

Nikakufungia nguo, nikakupeleka, nikasema ni kwa muda tu. Na uchovu ulipungua kweli. Nilianza kulala. Nilinenepa. Kazi ikaenda, ile pesa ya kujengea ikaanza kuonekana, kila mtu akaniambia nimefanya la busara. Kwenye karatasi ningekuonyesha na wewe ungesema, mama, umepatia.

Nilipokuja kukuchukua uanze shule, ulitoka ukasimama mlangoni kwa bibi. Ulikunja goti vizuri, ukasema, "Shikamoo," ukangoja. Uliniamkia kwa adabu zote, vile watoto wanavyowaamkia wageni. Bibi akakuambia, "Ni mama yako huyo," ukaitikia, "Ndiyo," ukashika gauni lake. Na nyumbani, miezi mingi, ulikuwa unaniomba ruhusa ya kunywa maji. Nyumbani kwako! Nilikuwa nakuambia, "Kunywa tu mama, maji ni yako," na kesho unaomba tena. Nilikuwa naenda kulia chooni. Hicho kilichopungua hapo, mimi sikukiweka kwenye hesabu, maana sikujua kama ni kitu cha kuhesabu.

Sijakuambia haya unihurumie. Bibi alikulea vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi wakati ule, na wabeja zangu, shukrani zangu kwake, haziishi. Nimekuambia kwa sababu unakwenda kusomea kazi ya kupunguza vitu, na mama yako aliwahi kuifanya bila kuisomea.

Sasa la juzi, ambalo hulijui, kwa kuwa ulikuwa umejifungia na mabegi yako.

Ulisikia mvua ilivyokuja, hata haikunguruma kwanza. Gunia langu lilikuwa juu ya mzani, chini ya bati, nashona. Nashona kwa madaha yangu, uzi naupitisha na habari za watu nazipitisha. Nikainua macho. Nje, ukingoni mwa bati, amesimama Mama Shija, yule binti aliyejifungua majuzi. Mtoto yuko mgongoni. Magunia yake yako mbele yake, wazi, na yeye ameinama juu yao kuwakinga dagaa kwa mwili wake. Na ukiinama hivyo, mgongo unakuwa juu. Mvua yote ilikuwa inamwagikia yule mtoto.

Hakuna aliyemwambia apite ndani. Yeye mwenyewe hakuomba, kwa sababu utaratibu ni utaratibu, na mwenye utaratibu yuko mzanini anapiga soga.

Nililishusha, Kabula. Gunia halijashonwa hata nusu. Nililikumbatia nikaliburuta mpaka chini, dagaa wengine wakamwagika. Bibi Nkwimba, unamjua, ndiye mkubwa wetu pale, akasema, "Mwenyekiti, hujamaliza!" Nikasema, "Najua." Nikatoka, nikamvuta Mama Shija ndani, nikamtoa mtoto mgongoni, kalowa chapachapa, midomo inatetemeka, nikamfunga na kanga yangu kifuani. Nikamwambia mpimaji, "Pima la Mama Shija. Na likishapimwa, lishuke."

Kisha nikasema jambo jingine. Nililisema kwa sauti, na wote walisikia. "Hili ni la Kabula. Alikuja akatuambia hapahapa, nami nikamkalisha chini. Aliyetakiwa kukaa chini ni mimi."

Hakuna aliyecheka safari hii. Bibi Nkwimba tu ndiye aliyejibu, naye hachelewi: "Sawa mwenyekiti, tumekusikia. Sasa gunia langu likishuka nani atalilinda? Au tunarudi kwenye kuchomana sindano?"

Unaona? Lilelile neno langu la siku ya kwanza, ugomvi. Tulibishana hapo mvua inanyesha, kila mtu na lake, mpaka tukafika mahali. Anayeshona pembeni hashoni peke yake. Aliye nyuma yake kwenye foleni anakuja kumshikia mdomo wa gunia mpaka fundo la mwisho, naye zamu yake ikifika anashikiwa na anayemfuata. Jana tumefanya hivyo kutwa nzima. Nje ya bati hapakuwa na mtu anayengoja. Mpimaji sasa analalamika kwamba hapati nafasi ya kunywa chai. Ugomvi ulikuwepo mmoja, mtu anamshikia mwenzake gunia huku anakula muhogo wa kukaanga na mafuta yanadondoka ndani, lakini tuliumaliza kwa kucheka. Bibi Nkwimba mwenyewe amesema anapenda kushikiwa, anasema anajiona bibi harusi.

Kama itadumu, sijui. Huenda watachoka wataanza kukimbiana. Huenda siku ya mzigo mkubwa itavunjika. Mimi sina namna ya kulijua hilo mpaka litokee, wewe ndiye unayekwenda kusomea namna ya kulijua mapema.

Nilitaka nikuambie juzi ileile. Nilifika mlangoni kwako nimelowa, nikakukuta umenipa mgongo unakunja nguo, na neno lililonitoka ni "Umekula?" Ukasema, "Nimekula." Nikaenda zangu. Ndivyo nilivyo, hadharani simba, chumbani panya.

Kuna kitu kimoja ningependa uende nacho. Huko watakakowapeleka utakuta taratibu za ajabu. Utakuta karani anagonga mihuri miwili mahali pa mmoja, au mlinzi anahesabu kitu ambacho mwenzake ameshakihesabu. Utataka kucheka. Cheka moyoni, halafu kaa na yule mtu uulize, hii ilianza siku gani? Maana nadhani nyingi ya hizo, kuna siku mtu alitokwa damu. Ukiipata hiyo siku ndipo utajua cha kutoa na cha kuacha. Na mtu akikupandishia, usidhani mara moja kwamba ni mpumbavu. Huenda umegusa cheti chake. Wewe ungeniuliza mimi, ningekuambia habari za ile sindano, na nadhani mchoro wako ungekuwa na mtu wa kushika gunia tangu mwanzo. Hilo nakulaumu kidogo, na nimemaliza kukulaumu.

Kuhusu kusimama mbele za watu, acha nikuambie kitu cha kwangu. Umewahi kunisikia naimba? Hujawahi. Nikiwa msichana Magu nilikuwa kwenye kwaya, tena nilikuwa napenda kuimba kuliko kula. Mwalimu wa kwaya siku moja akasimamisha wimbo akaniambia niache, natoa sauti ya chura, nikae. Watu wakacheka. Hakuwa mtu mbaya yule, alikuwa amechoka tu, nadhani wiki iliyofuata alikuwa ameshasahau. Mimi nilikaa, na mpaka leo sijainuka. Kanisani nafungua mdomo nafunga, sauti haitoki. Baba yako anajua, ndiyo maana harusini kwetu aliwakataza watu wasiniimbishe. Sikuwahi kujua kama sauti yangu ilikuwa mbaya kweli. Ningeendelea labda ningejua.

Nawe sasa unataka kufanya vilevile, na mwalimu wa kwaya ni mimi. Hilo siliwezi, Kabula. Linaniuma mpaka nashindwa kula. Ukienda uhasibu kwa kuwa umeupenda, nitakuombea na nitajivuna mtaa mzima. Lakini ukienda kwa sababu nilikufanya uchekwe mbele ya watu, kila nikiamka asubuhi nitajua nilichokuchukulia. Mara ya kwanza nilikupunguza nikiwa nimechoka. Safari hii sikuwa nimechoka, nilikuwa na kiburi tu.

Nakupenda. Kwetu hatulisemi sana neno hilo, tunauliza "umekula?" na mtoto anaelewa. Leo nimeliandika lenyewe. Nisamehe, mwanangu.

Wengine barua kama hii huiingiza kwenye begi la mtoto, aje aikute basi limeshapita Shinyanga. Nilifikiria kufanya hivyo, sikufichi. Wewe uko njiani, mimi niko nyumbani, hakuna wa kunijibu, kesho tunaagana stendi Nyegezi kwa "safari njema" na yamekwisha. Lakini hiyo ingekuwa ni kukunyamazisha mara ya pili. Hii nitakukabidhi mkononi leo, mkishuka tu kwenye gari, kabla hata hujavua viatu. Nenda nayo chumbani, isome polepole. Nitamtuma baba yako dukani tubaki wawili.

Ukimaliza njoo jikoni. Ukitaka kunigombeza, nigombeze. Ukitaka kusema huitaki kozi, niambie uso kwa uso na uniambie kwa nini. Ukiwa na ile karatasi, njoo nayo, uianze upya tangu juu. Sitakukatiza.

Mama yako